Paka ananuka mdomo na anatoa udenda: usisingizie dagaa, mwangalie hivi

Huku kwetu Kigoma ukisema paka wako ananuka mdomo jibu ni moja tu, si anakula dagaa huyo, ulitaka anukie nini. Mama mdogo wangu anaanika dagaa pale Kibirizi miaka na miaka na aliniambia hivohivo, mwanangu paka wa ziwani wote wananuka, nikakubali, nikakaa kimya karibu miezi mitatu. Paka wangu anaitwa Kuhe, jike, wakati ule alikuwa na miaka minne, na hiyo miezi mitatu yote alikuwa anaumwa mdomo wakati mimi nasema harufu ya dagaa. Ndo maana naandika hapa kila nilichojifunza kuanzia siku ile mpaka tulipojua ugonjwa wenyewe, mimi sio daktari, ila nimekaa na madaktari wa mifugo wawili watatu nikauliza maswali mpaka nikaelewa, na naona watu wengi huku wanapoteza paka kwa kitu ambacho kingeonekana mapema kama mtu angeinua tu mdomo akaangalia.

Tuanze na hiyo harufu. Harufu ya dagaa inaisha. Paka akila jioni, asubuhi kabla hujampa kitu mnuse mdomo, kama ni samaki tu itakuwa imepungua sana au haipo kabisa. Ikiwa asubuhi bado iko palepale na ni harufu ya kuoza, kama kidonda chenye usaha, hiyo sio chakula. Afu mnuse na manyoya, paka mwenye mdomo mbovu anajilamba na mate yale yale kwa hiyo mwili wote unashika harufu, na miguu ya mbele utaona manyoya yamelowa au yamegeuka rangi ya udongo kwa sababu anajifuta mdomo nayo kila saa.

Dalili nyingine nilizoziona kwa Kuhe na sikuzielewa: anakimbilia sahani kwa njaa kabisa, ananusa, anachukua dagaa mmoja, anatikisa kichwa, anamtema, anaifokea sahani kama imemng'ata afu anakimbia. Mimi nikadhani amechagua chakula, nikambadilishia nikampa migebuka ya kuchemsha, akala siku mbili akarudia. Sasa hapa shika kitu kimoja, paka mwenye homa au tumbo bovu mara nyingi hataki chakula kabisa, hata hasogei, lakini paka mwenye maumivu ya mdomo anakitaka sana ila hakiwezi. Mwingine anatafuna upande mmoja tu kichwa kikiwa kimelala, mwingine anaacha kutafuna anameza nzimanzima, mwingine akipiga miayo analia. Udenda unamtoka, saa nyingine una damu kidogo. Anaacha kujisafisha, manyoya ya mgongoni yanasimama na kujifunga mafundo. Anajificha chini ya kitanda. Na wapo wanaoendelea kula kama kawaida mpaka ugonjwa umefika mbali kabisa, kwa hiyo usije ukasema mbona anakula basi haumwi.

Kitu kilichonistua mimi ni mizani. Mama mdogo ana mizani ya kupimia dagaa, siku moja nikamweka Kuhe kwenye ndoo tukampima, kilo 3 na robo, na mara ya mwisho alipochanjwa alikuwa kilo 4. Kama huna mizani ya hivo panda kwenye ya watu ukiwa umembeba, afu panda mwenyewe, toa. Pima kila wiki siku ileile na uandike, paka ana manyoya mengi hivo macho yanakudanganya, mkono ukipita kwenye uti wa mgongo ndo unasikia mifupa.

KABLA HUJAMSHIKA MDOMO

Hii nimeiandika kwa herufi kubwa kwa makusudi. Huku kwetu kichaa cha mbwa kipo, na paka anakipata akiumwa na mbwa au mnyama mwingine mwenye ugonjwa. Paka anayetoa udenda afu amebadilika tabia ghafla, mpole amekuwa mkali anavamia bila sababu, sauti imebadilika, hawezi kumeza hata maji, anayumba, au unajua kabisa aling'atwa na mbwa asiyejulikana, huyo usimfungue mdomo, usiweke kidole, mfungie chumba au mfunike na tenga na umpigie afisa mifugo. Na ikitokea paka amekung'ata au udenda wake umeingia kwenye kidonda chako, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, sio kusuuza, afu nenda hospitali siku hiyohiyo wakuangalie kuhusu chanjo. Hata paka asiye na kichaa jino lake linaingia ndani kama sindano na mkono unavimba haraka, usikae nalo nyumbani.

Kama paka wako ni yule yule wa siku zote, amepoa tu na anaumwa, endelea.

Jinsi ya kuangalia: muwe wawili. Mmoja akae chini sakafuni, paka awe katikati ya mapaja mgongo ukiwa upande wa mtu, na umfunge kitenge au taulo mwili mzima kibaki kichwa tu, miguu ya mbele ikiwa ndani. Mwingine ashike tochi ya simu na apige picha. Usianze kwa kumpanua mdomo, hapo ndo watu wengi wanakosea, paka mwenye maumivu akipanuliwa mara ya kwanza hakuachii mara ya pili. Anza kwa kuinua mdomo wa juu kwa kidole gumba pembeni, mdomo ukiwa umefungwa hivohivo, utaona chonge na magego ya juu na fizi zake. Kulia, afu kushoto. Shusha mdomo wa chini vilevile. Hapo tu umeshaona karibu nusu ya unachotakiwa kuona.

Ndani kabisa angalia tu kama anakubali. Mkono mmoja unashika kichwa juu kwenye mifupa ya mashavu, unainamisha kichwa nyuma kidogo, kidole cha mkono mwingine kinashusha vile vijino vidogo vya mbele chini, sekunde mbili tatu, picha, mwachie. Akilia au akipambana acha, daktari ataangalia akiwa amelala. Kama huwezi kabisa basi mrekodi klipu akiwa anakula, hiyo klipu ilimsaidia daktari wangu kuliko maelezo yangu yote.

UNAONA NINI SASA

Fizi nzima ni ya pinki, laini, inang'aa. Ukiibonyeza inakuwa nyeupe na kurudi rangi yake ndani ya sekunde mbili. Paka wa rangi ya machungwa anaweza kuwa na vidoa vyeusi kwenye fizi na midomo, vile huja vyenyewe anavyokua kama sisi na madoa ya ngozi, usiogope, ila doa likivimba au likiwa na kidonda hilo ni jambo lingine. Fizi nyeupe ni upungufu wa damu, za njano ni ini au damu kuvunjika, zote hizo ni za kukimbia kwa daktari leo.

Wekundu ukiwa ni kamstari kembamba tu pale fizi inapokutana na jino, hiyo ni jinjivaitisi, yaani fizi zimewaka na kuvimba kwa sababu ya ukoga. Chakula na mate vinatengeneza utando laini juu ya jino, una bakteria, ukikaa unakuwa mgumu rangi ya kahawia, fizi inavimba. Hii ndo ya kawaida kuliko zote na ikikamatwa mapema meno yakasafishwa inarudi sawa. Ikiachwa inashuka chini inakula mfupa ulioshika jino, jino linacheza, usaha unatoka, hapo hairudi tena. Paka wadogo wanaobadilisha meno, kama miezi minne mpaka sita hivi, fizi zinaweza kuwa nyekundu kwa muda, lakini kuna ambao wekundu hauondoki hata baada ya meno ya ukubwani kutoka, hao waangaliwe mapema.

Sasa wekundu ukivuka fizi, ukapanda kwenye shavu kwa ndani, na hasa ukienda nyuma kabisa pale taya la juu na la chini yanapokutana, ukiona pamevimba kama nyama imechemka, ina mabonge mabonge, ikiguswa tu inatoka damu, kulia na kushoto kote, hiyo sio fizi tu. Hiyo wanaiita stomataitisi, na ndo aliyokuwa nayo Kuhe. Sehemu ya nyuma ndo inayotenganisha hizi mbili, ukoga peke yake mara nyingi hauchomi mpaka kule. Kwa hiyo ukipiga picha moja tu, piga ile ya nyuma.

Stomataitisi chanzo chake hakijakamatwa kimoja, ila inavyoeleweka ni kwamba kinga ya mwili ya paka inachachamaa kupita kiasi dhidi ya vitu vilivyoko mdomoni, ule utando wa bakteria kwenye meno pamoja na virusi, badala ya kupigana kidogo inachoma nyumba nzima. Kirusi kinachokutwa sana kwa paka hawa ni kalisivirasi, kile kinacholeta mafua ya paka. Ukiwa na paka aliyewahi kupiga chafya sana, macho kutoa machozi, akawa na vidonda juu ya ulimi, hata kuchechemea siku mbili tatu, kuna uwezekano mkubwa alikuwa nacho, na paka akipona anaweza kuendelea kukitoa kwenye mate kwa wiki au miezi, wengine maisha. Ndo maana nyumba yenye paka wengi wanaokula sahani moja ina stomataitisi zaidi kuliko nyumba yenye paka mmoja. Na hapa kwetu fikiria mabanda ya dagaa, paka sita saba pamoja wa kufukuza panya, sahani moja, kopo moja la maji.

Afu kuna virusi viwili vinavyoshusha kinga. FIV watu wanaita ukimwi wa paka, kiligunduliwa 1986 kule Petaluma, California, kwenye kundi la paka wa mtu mmoja waliokuwa wanaumwa umwa bila kueleweka. Kinapita hasa kwa kung'atana, kwa hiyo madume yanayopigana usiku juu ya mabati ndo wahanga wakubwa. FeLV, kirusi cha saratani ya damu ya paka, kiligunduliwa Scotland mwaka 1964, hicho kinapita kwa mate, kulambana, kula pamoja, na mama kwenda kwa mtoto. Vyote viwili ni vya paka tu, binadamu havimpati, nasema hivi kwa sababu nimeshasikia mtu amemtupa paka porini baada ya kusikia neno ukimwi. Tafadhali usifanye hivo.

Vidonda vikiwa juu ya ulimi au pembeni ya ulimi, na fizi ziko sawasawa, fikiria vitu vingine. Kalisivirasi nimeshaitaja. Cha pili ni kulamba kitu cha kuunguza, paka amepita kwenye sakafu iliyopigwa dawa akajilamba miguu. Zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukitia maji nyingi zina kemikali ambazo ini la paka haliwezi kuzivunja, zinachoma ulimi na zinaweza kumuua, mimi niliacha kuzitumia kabisa. Cha tatu ni figo. Paka mzee, anakunywa maji sana, anakojoa sana, amekonda, mdomo unanuka kama mkojo au amonia badala ya kuoza, na ana vidonda kwenye ulimi, hapo mdomo unatoa habari za figo. Ukimtibu mdomo tu unapoteza muda.

Upande mmoja tu. Hii iweke kichwani. Magonjwa ya kinga na virusi hupenda kukaa kulia na kushoto sawa, kitu kikiwa upande mmoja tu tafuta jino bovu, kitu kilichokwama, au uvimbe. Huku ziwani vitu vinavyokwama ni vingi: mwiba wa sangala katikati ya magego au kwenye kaakaa, ndoano, na uzi wa nyavu. Uzi ndo mbaya kuliko vyote, unazunguka chini ya ulimi na upande mwingine umeshamezwa uko tumboni. Inua ulimi kwa kubonyeza kidole chini ya kidevu kwa nje katikati ya mifupa ya taya, ulimi unapanda, angalia chini. Ukiona uzi USIUVUTE, unaweza kukata utumbo kama msumeno, mpeleke kwa daktari hivohivo. Ndoano vilevile usiichomoe nyumbani. Uvimbe mgumu upande mmoja kwa paka mzee, hasa chini ya ulimi au kwenye taya, jino limelegea bila sababu, uso umepinda, hiyo inaweza kuwa saratani, na ya mdomo kwa paka inakimbia sana kwa hiyo wiki mbili za kusubiri ni nyingi.

Kuna lingine halionekani kirahisi, jino linajila lenyewe kwenye mzizi. Utaona kijidoa cha pinki kwenye jino karibu na fizi kama fizi imepanda juu ya jino, ukilisogelea taya linatetemeka. Linauma ajabu. Na mdomo wa juu ukiwa na kidonda bapa kilichovimba pembezoni, mara nyingi hakimuumi sana, hicho ni cha aleji, viroboto na chakula vinahusika. Wanaotafuna waya za umeme wanaungua ulimi na kona za mdomo, kwa vitoto hasa.

USIMPE HIVI

Panadol. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka. Mwili wake hauna uwezo wa kuivunja kama sisi, damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi ya matope, uso na miguu vinavimba. Diklofenaki, brufeni, aspirini, zote za watu usiguse. Jirani yangu alinishauri nimpake mawese na chumvi kwenye vidonda, ananipenda na alikuwa anataka kusaidia, lakini fikiria chumvi kwenye kidonda wazi cha mtu asiyeweza kusema basi. Dawa za kupaka za watoto wanaoota meno pia hapana.

Na kuna kitu kinaharibu kutafuta ugonjwa ambacho kilinipata mwenyewe. Mtu wa kwanza niliyempelekea Kuhe hakumfungua mdomo, alimchoma sindano ya kupunguza uvimbe na antibayotiki, nikalipa, nikashukuru. Siku tatu Kuhe anakula, anaruka, nikajua amepona, wiki ya nne tukarudi mwanzo na ikawa mbaya zaidi. Sindano ile ni ya aina ya steroidi, inazima moto kwa muda, ina kazi yake kwenye mikono inayojua, lakini ikichomwa kabla ya kuangalia inaficha ugonjwa, hata kinyama kikikatwa kwenda maabara majibu yanaweza kuvurugika, na ikirudiwa rudiwa paka anaweza kuingia kisukari. Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari liwe, samahani daktari, unaweza kumuangalia mdomo kabla ya sindano? Uliza kwa heshima lakini uliza.

KWA DAKTARI WANAFANYA NINI

Daktari mzuri ataanza na maswali, anakula nini, amechanjwa nini, anatoka nje, yuko na paka wangapi, ilianza lini. Atashika chini ya taya kutafuta mitoki, ataangalia macho na pua, atasikiliza moyo, atapima uzito. Ataangalia mdomo akiwa macho kwa kiasi atakachoruhusiwa. Lakini kuangalia kwenyewe, kila jino na nyuma kabisa, kunahitaji paka alazwe kwa nusukaputi. Najua watu wanaogopa hapo, hata mimi niliogopa, lakini hakuna namna, paka mwenye vidonda hawezi kukaa wazi mdomo wake uchokonolewe.

Kabla ya kumlaza wanachukua damu. Damu inaonyesha figo na ini, sukari, wingi wa chembe za damu, na protini. Stomataitisi mara nyingi inapandisha protini za kinga, zile globulini, na za Kuhe zilikuwa juu. Hapohapo wanapima FIV na FeLV kwa kipimo kidogo cha tone la damu, kinafanana na kile cha malaria cha haraka, dakika 10 umepata. Hapa kuna mitego miwili. FIV wanapima kinga ambayo mwili umetengeneza dhidi yake, sio kirusi chenyewe, kwa hiyo paka aliyeng'atwa juzi anaweza kuonekana hana, anarudiwa baada ya siku 60. Na kitoto chini ya miezi sita kinaweza kuonekana kinacho kumbe ni kinga ya mama yake, nacho kinarudiwa. Usimhukumu mtoto kwa kipimo kimoja.

Akishalala anahesabiwa meno, paka mkubwa ana 30, anapimwa kwa kijiti chembamba kinachoingia kati ya fizi na jino kuona mfuko una kina gani, kwa paka mzima haufiki milimita moja. Afu eksirei ya meno. Eksirei ni muhimu kwa sababu jino linaweza kuonekana zima juu na mzizi umeshaisha chini, au mzizi uliovunjika zamani umebaki ndani unachoma fizi. Kipande cha nyama kinakatwa kama kuna uvimbe, kama ni upande mmoja, au kama kidonda hakifanani na kinachotarajiwa, hapo ndo saratani inajulikana kwa uhakika, macho peke yake hayatoshi hata ya daktari mzoefu.

Kwa sisi wa huku ukweli ni kwamba sio kila kitu utakipata mlangoni. Kuangaliwa, uzito, mitoki, damu za msingi, hivyo anza navyo kwa daktari wa mifugo aliyeko karibu, usisubiri safari. Umwambie kabisa kwamba unataka sampuli iende maabara kama itahitajika, wanajua njia za kutuma. Kwa eksirei ya meno uliza kwanza kwa simu kabla hujapanda gari, sio kila kliniki yenye eksirei ina ile ndogo ya kuingia mdomoni. Mimi nilikuwa na safari ya Dar nikampakia Kuhe kwenye tenga la mfuniko tukapanda treni, nikaweka taulo, maji, na uji wa samaki, abiria wa behewa letu mpaka Tabora walikuwa wanamjua kwa jina.

Karatasi niliyoibeba ilikuwa na haya, na wewe andika hivi: uzito wa kila wiki, dalili ya kwanza ilionekana lini, anashindwa chakula gani na anaweza gani, chanjo na tarehe, sindano na dawa zote alizopewa na siku alizopewa (hata kama unaona aibu kusema ulimpa panadol, sema), paka wengine nyumbani na hali zao, amepigana lini mara ya mwisho. Na picha kwenye simu, kulia, kushoto, nyuma.

Wakati unasubiri mlishe laini. Dagaa watoe vichwa, loweka muda mrefu kwa maji ya moto ubadilishe maji mara mbili kutoa chumvi na mchanga, chemsha, saga kabisa iwe kama uji, mpe ikiwa vuguvugu kwa sababu harufu inamvuta, kwenye sahani bapa ili mashavu yasiguse pembeni. Maji karibu. Paka akipitisha siku mbili bila kula kitu chochote usisubiri tena, ini lake linaanza kujaa mafuta na hilo peke yake linaua, hasa paka aliyekuwa mnene. Sahani yake iwe ya peke yake, ioshwe kwa maji ya jiki iliyozimuliwa iache dakika 10 afu suuza sana, kalisivirasi haifi kwa sabuni tu na inaweza kukaa kwenye vyombo kwa wiki.

Kuhe ilionekana ni stomataitisi, FIV hana, FeLV hana, eksirei ikaonyesha mizizi miwili mibovu. Walimng'oa magego yote, juu na chini, wakaacha chonge. Najua inasikika kama ukatili, na mimi nililia kwenye korido, lakini kinga yake inapigana na kile kinachokaa kwenye meno, ukiyatoa unamwondolea cha kupigana nacho, na paka wengi wanapata nafuu kubwa au wanapona kabisa, wachache wanahitaji dawa kuendelea. Siku ya tano alikula mwenyewe. Mwezi wa tatu alikuwa amerudi kilo 3.9, na dagaa mlaini anameza vizuri tu.

Nilikuwa na dume pia, Sangala, alikuwa na jeraha la kung'atwa la wiki mbili wakati tunarudi. Kipimo chake cha kwanza kilionyesha hana FIV, sikukiamini, nikarudia baada ya siku 60, hana kweli, na tukamhasi ili apunguze kuzurura na ugomvi. Fizi zake naziangalia kila Jumapili asubuhi kabla hajala. Mama mdogo naye ameniita nikawaangalie paka wa banda lake, wapo sita, wiki hii nimewamaliza wanne, watatu wako sawa, mmoja ana mstari mwekundu kwenye magego ya kushoto na ukoga wa kahawia, huyo Jumatatu tunampeleka.